Mkunga wa Pili Nyumbani Kwetu

Mama yangu ni mkunga. Ni muuguzi mkunga, kazi aliyoianza kabla sijazaliwa, na mtaani kwetu Njombe mjini ukiuliza "kwa mkunga ni wapi" hata mtoto wa chekechea atakupeleka mpaka mlangoni. Kwa hiyo likizo ndefu ya mwaka jana nilipopiga simu nyumbani na kusema kwamba nakuja na mpango wa kufuga mkunga sebuleni, alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Kwani mmoja hatoshi?"

Watu wa pwani wanajua ninachosema. Mkunga ni samaki mrefu kama nyoka, anayekaa kwenye matundu ya mawe baharini. Wangu si wa baharini, na wataalamu watakwambia kwamba hata si mkunga wa kweli. Ni wa ukoo mwingine kabisa ambaye amejifananisha tu. Kwa Kilatini anaitwa Mastacembelus shiranus, jina alilopewa na Günther mwaka 1896, na anapatikana Ziwa Nyasa. Ziwa Tanganyika lina ndugu zake zaidi ya aina kumi. Nyasa ina huyu mmoja. Mgongoni ana safu ya miiba midogo iliyojitenga, kila mmoja umesimama peke yake, na pua yake ni ndefu, nyembamba, inachezacheza kama kidole cha mtu anayetafuta miwani gizani. Mchana anajifukia mchangani akabakiza pua. Usiku anatoka kuwinda. Mimi namwita mkunga wa miiba. Babu yangu anamwita nyoka wa mawe, na habari yote hii inaanzia kwa Babu.

Babu ni Mkisi wa Lupingu, wilaya ya Ludewa, chini kabisa kwenye mwambao, pale milima ya Livingstone inapoingia majini bila hata kuomba nafasi ya kuweka uwanja wa mpira. Amevua usipa maisha yake yote. Bibi alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa Kikisi, vyungu vyao mnavijua, vinauzwa mpaka mbali. Bibi alipofariki, Baba akaona haiwezekani mzee abaki peke yake kule, akamleta Njombe. Baba mwenyewe yupo barabarani wakati wote, anaendesha lori kati ya Dar na Tunduma. Kwa hiyo mzee aliachiwa Mama, sebule, koti zito, na baridi.

Sijui kama msomaji amewahi kuishi Njombe mwezi wa sita. Mji upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo kama mita 470 na ushee. Mtoe mtu wa miaka sabini na kitu kwenye jua la Lupingu umlete kwenye ukungu wa Njombe, umwambie hapa ndipo kuna hospitali nzuri na mjukuu wako anasoma chuo kikuu. Babu hakulalamika. Aliacha tu kuongea. Ukimwamkia anaitikia marahaba, ukimletea chai anashukuru, basi. Mama alisema ni msiba bado unamkaa. Mimi nilidhani ni uzee.

Krismasi ile nilikuwa napitia picha za samaki kwenye simu, kwa ajili ya somo letu la uainishaji, na Babu akawa amekaa pembeni yangu. Nikafika kwenye mkunga. Babu akanishika mkono. "Nyoka wa mawe," akasema. Halafu akaanza kusimulia jinsi Bibi, kabla hawajaoana, alivyoingiza mkono chini ya jiwe kutafuta kitu fulani alichokiangusha, akamkamata huyu samaki bila kujua, samaki akarudi kinyumenyume mkononi mwake na miiba ikamchana kiganja, akapiga ukelele mpaka wavuvi wakaja wakidhani ni mamba. "Mmoja wa hao wavuvi," akasema Babu, "ni mimi." Nilikuwa sijamsikia akiongea dakika tano mfululizo tangu msibani. Siku iliyofuata akarudi kimya.

Nikarudi chuo na hilo jambo kichwani. Nisijifanye malaika hapa. Nilimfikiria Babu, ndiyo, lakini pia mimi ni mwaka wa tatu wa masomo ya uvuvi na sijawahi kuweka samaki hai hata kwenye beseni, na nilitaka kuwaonyesha watu wa nyumbani kwamba hizi hela za mkopo zinazaa kitu. Bumu la mwisho lilipoingia, nililigawa vibaya. Laki tatu na arobaini ziliingia kwenye mradi kabla sijalipa deni la mama ntilie wa pale nyuma ya bweni. (Nimeshalipa. Kama anasoma, nimeshalipa.)

Hita, filta na karatasi za kupimia maji nilinunua Dar, Kariakoo, nikazifunga katikati ya nguo. Tangi lenyewe nililitengenezea Makambako, kwa sababu basi linanishusha pale na kwa sababu Baba Mdogo ana karakana ya seremala karibu na njia ya kwenda stesheni ya TAZARA. Makambako ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Zambia inapita, ya Songea inachomoza, reli ipo, na upepo unatoka pande zote kana kwamba nao unasubiri usafiri. Kila kitu kinapatikana ukiwa na subira. Kioo cha milimita 8 nilikipata kwa fundi wa madirisha ya alumini, na Baba Mdogo akamsimamia kama anajenga kanisa.

Vipimo nilikuwa navyo kwenye daftari: urefu sentimita 120, upana 45, kimo 40. Wengi wakifikiria tangi la samaki wanafikiria kimo, kitu kirefu cha kusimama ukutani. Kwa mkunga wa miiba kimo ni kupoteza kioo. Yeye ni samaki wa sakafuni, anachohitaji ni uwanja. Ukijaza mpaka sentimita 35 unapata lita kama 190, na kila lita ni kilo, jumlisha mchanga, mawe na kioo chenyewe, umepita kilo 240. Mama alikuwa amependekeza tuliweke juu ya kabati la runinga. Baba Mdogo alicheka mpaka akaketi. Akatengeneza meza ya paini, mbao za nne kwa mbili, miguu sita.

Jambo ambalo nusura liharibu kazi yote lilikuwa gundi. Duka la kwanza tuliuziwa silikoni nzuri, nyeupe, bei poa, na fundi alishaanza kukata mdomo wa kopo. Baba Mdogo, ambaye hajamaliza darasa la saba lakini anasoma kila kitu kilichoandikwa kwenye kila kopo, akasema, "Msomi, hapa wameandika inaua ukungu. Kitu kinachoua ukungu kitamwacha samaki?" Silikoni ya bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huvuja majini. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Nimeyafanyia mtihani, hata. Tukarudi kutafuta silikoni ya vioo isiyo na dawa, na mpaka leo Baba Mdogo akiniona anauliza kama nimeshasoma kopo.

Tulilisafirisha kwa kirikuu, kilomita 60 hivi mpaka Njombe, tangi limelala juu ya godoro na mimi nimelala pembeni yake nyuma kama nimebeba maiti. Tukalijaza maji uani siku tatu kuona kama linavuja. Halikuvuja. Majirani walikuja kuangalia, wakaniuliza ni la sato au la kambale. Nikasema la samaki asiyeliwa. Wakaniangalia kwa huruma.

Sasa baridi. Asubuhi ya kwanza, maji yakiwa yameshaingizwa ndani, kipimajoto kilisoma nyuzi 13. Mkunga wa Nyasa anahitaji kama 24 mpaka 27. Nikachomeka hita ya wati 300 na kuiacha ifanye kazi yake, na ilifanya. Siku ya nane, Mama akanionyesha LUKU bila kusema neno. Amekaa na mita ile miaka mingi, anajua uniti zake kama anavyojua tarehe za wajawazito wake. Nyumba yetu ilikuwa inatumia uniti 30 hivi kwa mwezi. Niliandika namba za mita asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na kukuta hita peke yake inakula uniti 3.6 kwa siku. Zidisha kwa thelathini: 108.

Hapa kuna hesabu ambayo wanafunzi tunaoishi bwenini huwa hatuifikirii. Nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza kodi na tozo ni 122. Mtumiaji mkubwa zaidi bei yake ni 292, ambayo na makato yake inafika 356. Yaani sikuwa nimeongeza bili tu. Nilikuwa naisukuma nyumba nzima, pamoja na taa ya chumba cha Babu na pasi ya sare za Mama, itoke kwenye bei ya 122 iingie ya 356. Kwa ajili ya maji matupu, maana samaki hata hajafika.

"Mwanangu," Mama akasema, "mimi nazalisha kwa tochi ya simu umeme ukikatika, wewe unachemshia nyoka maji."

Sikuwa na jibu. Nilichomoa hita. Nilikaa siku mbili nikitafakari kumuuzia mtu lile tangi aoteshee mchicha. Kilichonitoa pale ni Makambako tena. Nilikuwa nimempigia simu Baba Mdogo kumweleza aibu yangu, na yeye akawa hasikii vizuri kwa sababu ya randa, akaniambia subiri nizime, na kwenye ule ukimya nikafikiria maranda. Pale kwake yamejaa mpaka magotini, wanachoma bure. Maranda makavu yanashika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Akaja mwenyewe Jumapili na plaiwudi pamoja na viroba vitatu. Tukalijengea tangi koti: pande mbili fupi, mgongo na chini, ubao wa nje ukiwa umeachana na kioo kwa sentimita tano, katikati tumeshindilia maranda. Mfuniko wa plaiwudi ukabandikwa stairofomu kwa ndani. Mbele tukaacha kioo wazi, na usiku blanketi. Nikashusha hita kwenye nyuzi 25 badala ya 27.

Mita ikasema uniti 1.4 kwa siku. Mara thelathini ni 42, na zile 30 zetu inakuwa 72. Tatu chini ya mstari. Mama alirudia hesabu mwenyewe nyuma ya kalenda, halafu akanirudishia blanketi lake la zamani ambalo alikuwa amelificha.

Wanaofikiria kuweka tangi wafahamu kwamba kazi kubwa ni kusubiri. Maji safi hayatoshi, lazima yaive. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia kiasi ukiwa unabadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi dukani Njombe. Unawakuza kwa kuwalisha. Mimi nilitupia kipande cha dagaa aliyekufa, nikaacha filta inazunguka, nikapima kila siku mbili. Ilichukua wiki tano. Sebule ikawa na harufu ambayo wageni waliitafsiri kila mtu kivyake.

Maji yetu ya bomba yana pH 6.5 kwa karatasi zangu, na ya Nyasa yapo karibu na 8. Tofauti hiyo niliifidia kwa maganda ya konokono yaliyosagwa, wanayouza kwenye maduka ya vyakula vya kuku. Nikayajaza kwenye soksi (safi) na kuiweka kwenye filta. Polepole ikapanda mpaka 7.8 na kutulia. Mchanga nao una siri yake. Nilikuwa nimeshaosha ndoo sita za mchanga wa ujenzi, kisha nikaupitisha kwenye kiganja na kusikia unavyokwaruza. Huyu samaki anaishi kwa kujifukia, na magamba yake ni madogo mno. Mchanga wenye ncha unamchubua, mchubuko unaingia ugonjwa, na dawa nyingi za samaki zinamuumiza yeye kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo binamu yangu wa Lupingu akatuma kiroba cha mchanga wa ufukweni, laini kama sukari, juu ya gari la dagaa.

Kiroba kilipofika, Babu alikiona. Hakuuliza. Aliinama, akachota, akaunusa. Kisha akaingia chumbani kwake na kutoka na chungu cha Bibi.

Chungu hicho kilipasuka mdomo wakati wa kuhama na Babu alikataa kisitupwe. Nilimweleza kwamba nitatafuta mawe, mkunga anahitaji pango lakini jiwe linatosha. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia. "Weka," akasema. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilikichemsha, nikakilaza ubavu, mdomo uliopasuka ukielekea kioo cha mbele.

Nikashuka Lupingu katikati ya mwezi wa nane. Barabara ya kutoka Ludewa kwenda ziwani inateremka kwa kona ambazo zinakufanya ukumbuke sala zote ulizofundishwa, na kila kona joto linaongezeka, unavua koti, unavua sweta, mpaka unafika na fulana. Nilitangulia kwa viongozi wa ufukwe kujieleza. Walicheka sana. Mtu ametoka chuo kikuu kuja kuomba ruhusa ya nyoka wa mawe wawili. Binamu yangu alikuwa na njia rahisi kuliko zote nilizozisoma: pingili ndefu za mwanzi, ndani minyoo, zinalazwa kati ya mawe jioni. Alfajiri unaziba pande zote mbili kwa viganja na kuinua. Pingili ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya tatu ina mmoja wa urefu wa kalamu na mwingine mrefu kidogo kuliko rula ya sentimita 30 nusu yake. Nilimshika huyo mkubwa bila glovu. Akarudi kinyumenyume. Sasa najua alichokisikia Bibi.

Walipanda mlima kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, maji nusu, nikiwa nimeikumbatia mapajani kwenye gari lililojaa watu na kuku watatu. Nilitoboa mfuniko kwa msumari, matundu madogo, maana huyu samaki akiona upenyo anaupenda kuliko uhai wake. Hilo nililijua. Liweke akilini, kwa sababu nilisahau siku nne baadaye.

Nyumbani niliwazoesha kwa kikombe kimoja kimoja cha maji ya tangi kwa saa nzima, kisha nikawaachia. Wakazama mchangani kama sindano kwenye kitambaa. Na hapo ikaanza sehemu ambayo hakuna aliyenionya: hakuna cha kuona. Majirani walikuja tena. Watoto waliweka mapua kwenye kioo. Mchanga, mawe mawili, chungu kilichopasuka. Mmoja akauliza kama samaki watakuja lini.

Usiku wa nne nilichomoa filta kuisafisha, na niliporudisha bomba lake kwenye kona ya mfuniko sikurudisha kipande cha sponji kilichokuwa kinaziba pembeni. Tundu la upana wa kidole. Alfajiri Mama, akijiandaa kwenda zamu, alimkuta yule mdogo chini ya kochi, amekauka, ana vumbi la kapeti mwili mzima. Hakupiga kelele. Alimweka kwenye kisahani, akanifunika vizuri kwanza maana nilikuwa nimelala hapohapo sebuleni, halafu ndiyo akaniamsha. Nimeona amewaambia watu habari nyingi mbaya, nafikiri ndivyo huwa anafanya.

Nilitaka kumficha Babu. Lakini alikuwa ameshaamka, amesimama na fimbo yake, akaangalia kisahani. "Ulimfunga," akasema, "akatafuta ziwa." Basi. Akaenda kukaa uani kwenye baridi, na mimi nikaziba lile tundu kwa sponji, halafu juu yake gundi ya karatasi, halafu juu yake tofali, kama kwamba tofali lingemrudisha.

Wiki nzima Babu hakuingia sebuleni nikiwepo. Nilikuwa nimetumia laki tatu na arobaini, nusura niipandishie nyumba bei ya umeme, nimechukua chungu cha marehemu, nimeua samaki mmoja, na mzee ambaye nilitaka aongee sasa hata marahaba anaitikia akiwa ameangalia pembeni. Yule mkubwa naye alikuwa hali. Nilimpa chakula cha punje kutoka Kariakoo, kikaoza. Nikampa vipande vya dagaa, vikaoza. Kila asubuhi navivuta kwa mpira, maji yasiharibike.

Usiku mmoja nilitoka chumbani kwenda kunywa maji nikaona mwanga mwekundu sebuleni. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, tochi yake ndogo ameifunga kitambaa chekundu, ameielekeza chini. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa lenye udongo. Alikuwa amechimba minyoo nyuma, chini ya mparachichi, pale tunapomwaga samadi. Sikujua kama ni usiku wa kwanza au wa saba. Akaniashiria nikae bila kugeuka.

Amefungua mfuniko kidogo, akadondosha mnyoo mmoja mwembamba. Ulizama taratibu, unajikunja. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha kutoka kwenye mdomo uliopasuka wa chungu ikatoka ile pua, ikanusa kulia, ikanusa kushoto, na nyuma yake mwili ukamwagika nje, wa kahawia wenye madoa, ukipepea mapezi kama pindo la kanga. Akaufikia mnyoo, akauvuta kwa mdomo, akauvuta tena, akamaliza.

"Huyu hali vilivyokufa," Babu akasema kwa sauti ya chini. "Na hapendi taa nyeupe. Sisi tulikuwa tunamuona kwa kuni zikiwa zinaelekea kuzima."

Tulikaa mpaka saa nane usiku. Aliongea kuhusu kuni zile, kuhusu mtumbwi wa baba yake, kuhusu jinsi Bibi alivyokuwa anagonga chungu kwa ukucha na kusikiliza kabla ya kukubali kukiuza. Mengine ni ya familia. Mama, nilikuja kujua, alikuwa macho chumbani akisikiliza yote.

Umeme ulikatika mara moja kabla sijaondoka, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nilitaka kuleta jiko la mkaa sebuleni, Mama akanikataza kwa ukali ambao sijawahi kuuona. Ameshapokea watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Tukafunga tangi kwa blanketi zote, tukaelezesha chupa mbili za maji ya moto. Saa tisa bila hita, na kipimajoto kilishuka kutoka 25 mpaka 22.5. Maranda ya Baba Mdogo. Nilimpigia simu kumwambia, akasema, "Na haya hayakuandikwa kwenye kopo lolote."

Kabla ya kurudi chuo Babu aliniita. Anataka mwezi wa kumi na mbili, nikija likizo, nimrudishe samaki Lupingu, na yeye tuende naye. Nikasema nitafanya hivyo. Nimefika hapa nikamuuliza mwalimu wangu mmoja, akanieleza kwamba samaki aliyeishi kwenye tangi harudishwi ziwani, hata kama ni ziwa lake, anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Ana hoja, na mtihanini ningeandika hivyohivyo. Sijamwambia Babu. Safari ya Lupingu nimeiahidi, suala la ndoo bado sijui nitalisemaje.

Juzi Mama amenitumia ujumbe wa sauti. Anasema mkunga mwenzake amenenepa. Anasema pia Babu alikwenda mwenyewe dukani, kwa miguu, na koti lake, akanunua uniti za shilingi elfu tano kwa hela yake ya pembeni, karatasi ya namba akampa bila maelezo. Nisimwambie kwamba nimeambiwa.